Mtu wa Mac, mtu wa Windows: hizi tabia tumebandikwa na nani?

Angalia kinachotokea mtu mgeni akiingia kwenye kikao, akakaa, akafungua laptopu yake mezani. Kabla hajasema chochote watu wameshamsoma. Akitoa Mac, ile kompyuta ya Apple, huyo mbunifu, ana hela, anajisikia kidogo, lazima atakuwa mtu wa dizaini au wa muziki. Akitoa ThinkPad nyeusi yenye kile kidude chekundu katikati ya kibodi, huyo yuko siriasi, mtu wa mifumo, hana muda na mapambo. Ikiwa ina stika ya pengwini mgongoni basi ni Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, huyo mbishi, atakurekebisha kila ukifungua mdomo. Ikiwa nene na inawaka taa za rangi rangi chini ya herufi, huyo ni wa magemu, bado hajakua. Na akitoa laptopu ya kawaida tu ya Windows, ile ya plastiki ambayo iko kila mahali, hapo ndo pabaya zaidi, kwa sababu watu wanamuona hana lolote, mtu wa kujaza fomu na kusubiri saa ya kutoka.

Hizi hukumu tumezichukulia kiutani kwa muda mrefu mno na mi naona umefika wakati wa kuziangalia vizuri. Mtu anaenda kwenye usaili na yule anayemsaili ameshaiangalia mashine yake kabla hajaangalia kazi zake. Kijana anajifunza kuandika programu kwenye laptopu ya zamani aliyorithi, anaambiwa na wenzake kwamba watu siriasi hawatumii hiyo. Mtu anaomba msaada kwa watu wa aiti, anajibiwa kutokana na chapa aliyoshika na sio tatizo alilonalo. Na yote haya yamejengwa juu ya imani kwamba chapa ya kompyuta inaonyesha utu wa mwenye nayo. Ukifuatilia historia unakuta mambo yalienda tofauti kabisa: kwanza zilikuja programu zilizowagawa watu kwa kazi zao, alafu matangazo yakaugeuza ule mgawanyo wa kazi kuwa mgawanyo wa tabia, alafu sisi wenyewe tukazivaa hizo tabia na kuanza kuzitetea.

Chukua yule "mtu wa ofisi" tunayemdharau. Kampuni ya IBM walitoa PC yao, ambayo ndo babu wa hizi kompyuta za Windows za leo, tarehe 12 Agosti 1981, na mwaka 1983 ikaja programu ya majedwali ya hesabu iitwayo Lotus 1-2-3, ambayo ndo iliyoiingiza PC kwenye idara za fedha. Sasa mfikirie mhasibu ambaye miaka yote alikuwa anaandaa bajeti kwa penseli kwenye karatasi pana yenye mistari, bosi akibadilisha namba moja tu ya juu inabidi afute na apige hesabu upya safu nzima mpaka chini, alafu safu ya pembeni, alafu jumla ya mwaka, na akikosea mahali anaanza tena. Siku moja anakaa mbele ya skrini, anabadilisha ile namba moja, na jedwali lote linajipanga upya macho yake yakiwa wazi. Huyo mtu hakuing'ang'ania IBM kwa sababu ana roho kavu au hapendi vitu vizuri. Aliing'ang'ania kwa sababu ilimrudishia muda wake.

Upande wa pili ni vile vile. Macintosh, ambayo ndo hii Mac, ilitoka Januari 1984, dola 2,495, kumbukumbu ya 128K, na baada ya msisimko wa mwanzo mauzo yakapoa kwa sababu kiukweli hakukuwa na kazi nyingi ambayo ungeweza kuifanya nayo. Kilichoiokoa kilikuja mwaka 1985, vitu vitatu vilipokutana: printa ya LaserWriter ya Apple, lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe iliyoiwezesha ile printa kuchora herufi safi za ukubwa wowote, na programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus. Kabla ya hapo kupanga ukurasa wa gazeti ilikuwa kazi ya mikono, maandishi yanachapwa kwenye vipande virefu vya karatasi, unavikata kwa wembe, unavipaka nta nyuma, unavibandika kwenye ubao, unapima kwa rula kama vimenyooka, na kichwa cha habari kikizidi herufi mbili unabandua unaanza tena. Ghafla mtu mmoja akawa anaweza kufanya yote hayo kwenye meza moja, anachokiona kwenye skrini ndo kinachotoka kwenye karatasi. PageMaker ya PC ilichelewa, na Photoshop, programu ya kuhariri picha, nayo ilipotoka mwaka 1990 ilitoka kwa Mac peke yake, wa Windows wakasubiri zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo wabunifu wa grafiki walikuwa kwenye Mac kwa sababu vifaa vyao vya kazi vilikuwa huko, vyuo vya dizaini vikanunua Mac kwa sababu ajira zilikuwa na Mac, wanafunzi wakatoka wamezizoea, na wao wakaja kuajiri wengine. Kizazi kimoja baadaye tunakuja sisi tunaangalia tunasema aisee, watu wa Mac wana ubunifu kwenye damu.

Hapo ndo pana kosa la msingi la mjadala huu wote. Tunaona matokeo ya soko la programu tunadhani tumeona roho za watu.

Lakini historia ya programu peke yake isingetosha kuleta dharau. Dharau ililetwa na matangazo, na hapa Apple ndo walikuwa mafundi kuliko wote. Tarehe 22 Januari 1984, wakati wa Super Bowl, ile fainali ya futiboli ya Kimarekani, walirusha lile tangazo la mwanamke anayekimbia na nyundo katikati ya safu za wanaume wenye vichwa vilivyonyolewa, wamekaa kama wafungwa mbele ya skrini kubwa inayowahutubia, akaitupa ile nyundo na skrini ikapasuka. Kompyuta yenyewe haikuonekana. Kilichouzwa pale ni picha ya aina mbili za binadamu, aliye huru na waliolala, na kila mtu alijua kwamba waliolala ni wale wa IBM. Mwaka uliofuata, kwenye fainali nyingine, wakazidisha: watu wa ofisini wamevaa suti, wamefungwa vitambaa machoni, wanatembea kwa mstari huku wanadondoka mmoja mmoja kwenye ukingo wa jabali. Na lile tangazo lilikuwa la kuuza bidhaa kwa maofisi! Yaani unamtukana mtu alafu unamuomba anunue. Watu walichukia, kampeni ikaanguka, lakini ile picha ya mtumiaji wa PC kama mtu anayefuata mkumbo bila kufikiri ikabaki, na mpaka leo watu wanairudia bila kujua ilitengenezwa na nani.

Mwaka 1997 Apple ikiwa hoi kifedha wakaja na kampeni ya Think Different, picha za Einstein, Gandhi, Muhammad Ali, hakuna kompyuta hata moja kwenye lile tangazo la televisheni. Na ikumbukwe wengi wa wale waliowekwa pale walifanya makubwa yao kabla Macintosh haijakuwepo duniani. Mwaka huo huo mwezi Agosti, Microsoft walitangaza kuwekeza dola milioni 150 kwenye Apple, na mkuu wao Bill Gates alipotokea kwenye skrini kubwa ukumbini kule Boston mashabiki wa Mac wakamzomea. Ule mkutano unastahili kufikiriwa taratibu. Kuna mtu ameleta hela wakati kampuni unayoipenda inakaribia kuzama, amekuja pia na ahadi ya kuendelea kutengeneza programu za ofisi za Microsoft, yaani Office, kwa ajili ya Mac kwa miaka mitano, na unamzomea. Hilo halina uhusiano na kompyuta tena, hiyo ni timu.

Alafu ikaja ile kampeni ambayo nadhani ndo imetuharibu zaidi, Get a Mac, iliyoanza Mei 2006 ikaendelea mpaka 2009. Waigizaji wawili wamesimama kwenye ukuta mweupe, Justin Long kijana wa jinzi anasema yeye ni Mac, John Hodgman wa suti na miwani anasema yeye ni PC. Matangazo 66 kwa Marekani peke yake. Mpaka wakati huo tulikuwa tunasema "natumia Mac", baada ya hapo watu wakaanza kusema "mimi ni Mac". Na kinachoniuma ni muda walioiweka. Mwaka huo huo wa 2006 Apple walikuwa ndo wameanza kuweka prosesa za Intel kwenye Mac, zile zile zilizokuwa kwenye PC, na mwezi Aprili wakatoa Boot Camp ya kukuwezesha kuendesha Windows XP juu ya Mac yako. Yaani zile mashine mbili ndani hazijawahi kufanana kama zilivyofanana kipindi kile tulichokuwa tunaambiwa ni watu wawili wa aina tofauti kabisa. Tofauti za mashine zilipopungua wakapandisha tofauti za watu. Mwaka 2021 Intel wakamchukua yule yule Justin Long akasifie PC, baada ya Apple kuhamia kwenye chipu zao wenyewe, na wala hakuna aliyeshangaa kwa sababu muigizaji analipwa kuigiza. Sisi watazamaji ndo tulikuwa tumechukua ile tabia ya kwenye tangazo tukaenda nayo nyumbani bure.

Microsoft walijibu mwaka 2008 kwa kuonyesha watu wa kila aina, wa kila kazi, kila mmoja anasema yeye ni PC. Walitaka kuvunja ile picha, ila waliivunja kwa kuikubali, kwa sababu bado mtu alikuwa anajitambulisha kwa mashine.

Sasa swali la maana ni kwa nini tunakubali kirahisi hivi. Kuna majibu mawili kutoka kwenye saikolojia ambayo mi nayaamini kuliko mengine. La kwanza ni la Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1948 aliwapa wanafunzi wake jaribio la utu, alafu akamrudishia kila mmoja maelezo ya tabia yake binafsi, akawaomba wapime kwa alama mpaka 5 ni kweli kiasi gani. Wastani ukatoka 4.26. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale, sentensi alizozitoa kwenye kitabu cha unajimu: unahitaji watu wakupende, una uwezo ambao hujautumia, kuna wakati unakuwa mchangamfu na kuna wakati unajitenga. Sasa rudia yale maelezo ya "mtu wa Mac": anathamini ubora, anapenda kufikiri kwa namna yake, hapendi kupotezewa muda. Nani duniani atasema hapana, mi napenda vitu vibovu na napenda kupotezewa muda? Msomee mtumiaji wa Linux, atasema huyo ni mimi. Msomee wa Windows naye atasema umenijua vizuri sana.

Jibu la pili ni la Henri Tajfel na hili ni zito zaidi. Tajfel alikuwa Myahudi mzaliwa wa Poland aliyetekwa na Wajerumani vitani akiwa upande wa jeshi la Ufaransa, na aliporudi akakuta karibu ndugu zake wote wameuawa, kwa hiyo suala la kwa nini binadamu wanagawanyika halikuwa nadharia kwake. Miaka ya kuelekea 1970 aliwachukua wavulana wa miaka 14 na 15 wa Bristol, Uingereza, wakaonyeshwa michoro ya wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, kisha kila mmoja akaambiwa yuko kundi la wanaompenda huyu au yule. Ukweli ni kwamba waligawanywa kwa bahati nasibu tu. Hawakujua nani mwingine yuko kundi lao, hawakuongea, hawakuwa na ugomvi wowote. Wakapewa kazi ya kugawa hela kidogo kidogo kwa wengine, ambao waliwajua kwa namba na kundi tu, na wao wenyewe hawakupata chochote kutokana na ule mgao. Wakapendelea kundi lao. Na sio kupendelea tu, mara nyingi walichagua mgao ambao kundi lao linapata kidogo kuliko ambavyo lingeweza kupata, ili mradi lile kundi lingine lipitwe kwa mbali zaidi.

Hicho kipande cha mwisho nakirudia kila nikiona watu wanagombana kuhusu kompyuta. Kama mchoro ambao hata hujauchagua unatosha kukufanya ukubali kupungukiwa ili mwingine akose zaidi, itakuwaje kwa kitu ambacho umekilipia hela nyingi, unakishika kila siku, kina nembo inayong'aa kila mtu anaiona? Hapo ndo unaelewa kwa nini mtu anafurahia kusikia mfumo wa upande wa pili umeingiliwa na virusi japo yeye hapati faida yoyote, na kwa nini hitilafu ya chapa yake anaiita bahati mbaya wakati ya wenzake anaiita tabia yao.

Na kiu ya kuthibitisha haya mambo ni kubwa kiasi kwamba tunameza chochote. Mwaka 2011 ni mfano mzuri sana. Mwezi Aprili tovuti ya Hunch ilitoa mchoro wa takwimu uliosambaa balaa, majibu ya watu zaidi ya 380,000, ukisema watu wa Mac ni vijana zaidi, wanaishi mijini zaidi, wamesoma zaidi, kuna uwezekano mkubwa zaidi wa kukuta asiyekula nyama. Lakini wale watu walikuwa ni wale walioingia wenyewe kwenye tovuti ya kujibu maswali, na walijitambulisha wenyewe kuwa ni mtu wa Mac au mtu wa PC. Yaani unamuuliza mtu kama amevaa jezi ya timu, alafu unatangaza kwamba waliovaa jezi wanafanana na mashabiki.

Miezi mitatu baadaye, mwishoni mwa Julai, ikatoka kubwa kuliko. Kampuni ya ushauri wa kisaikolojia ya Canada, AptiQuant, ikatangaza kwamba imewapima akili watu zaidi ya 100,000 kwenye intaneti na kukuta wanaotumia kivinjari cha Internet Explorer wana akili ndogo, wale wa toleo la 6 ndo wa mwisho kabisa, na wa kivinjari cha Opera wako juu. BBC wakaripoti, CNN wakaripoti, magazeti makubwa yakabeba. Alafu ikabainika kampuni yenyewe haipo. Tovuti yake ilikuwa imesajiliwa mwezi ule ule wa Julai, picha za wafanyakazi zilichukuliwa kwenye tovuti ya kampuni nyingine ya Paris, na aliyefanya yote ni mtengenezaji wa tovuti aliyechoshwa na usumbufu wa kufanya kurasa zifanye kazi kwenye ile Internet Explorer 6. Sina tatizo na hasira yake, kila aliyewahi kutengeneza tovuti kipindi kile anaielewa. Ninachokiona mimi ni waandishi wa habari wazoefu, watu ambao kazi yao ni kuuliza, hawakuichunguza kwanza ile kampuni. Hawakuuliza kwa sababu jibu lilikuwa tayari vichwani mwao. Ripoti iliwaambia walichokuwa wanakiamini, kwamba asiyebadilisha kivinjari ni mjinga, wakati mamilioni ya wale watu walikuwa kwenye kompyuta za kazini ambazo hawana hata ruhusa ya kuweka programu mpya.

Kuna ambao watasema sawa, huo ulikuwa uongo, lakini zipo data za kweli. Zipo, na tuzisome. Juni 2012 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba Orbitz, wale wa kuuza safari na hoteli mtandaoni, wamegundua watumiaji wa Mac wanalipa mpaka asilimia 30 zaidi kwa usiku mmoja hotelini, kwa hiyo wakaanza kuwapangia hoteli tofauti, zingine za bei juu, kuliko wanazoonyeshwa watu wa PC. Chumba kile kile bei ilikuwa ile ile, kilichobadilika ni nini unakiona kwanza. Lakini takwimu zilizotajwa hapo hapo zilionyesha kwamba kaya yenye Mac kule Marekani ilikuwa na kipato cha wastani cha dola 98,000 hivi kwa mwaka, ya PC dola 74,000 hivi. Basi hapo Mac imekuambia nini kuhusu utu wa mtu? Imekuambia ana hela. Mashine ghali zinanunuliwa na wenye hela, wenye hela wanalala hoteli ghali, na mwanafunzi aliyenunuliwa Mac kwa mkopo wa mzazi wake anaonyeshwa zile zile hoteli za gharama kwa sababu kompyuta imemsemea kitu ambacho sio kweli.

Upo pia ule utafiti wa mwaka 2008 wa watu wa vyuo vya Duke na Waterloo ambao mashabiki wa Apple wanaupenda: walimulika nembo za Apple au IBM kwenye skrini kwa kasi ambayo jicho haliitambui, kisha wakawauliza watu waorodheshe matumizi ya tofali, na waliomulikiwa Apple wakaja na matumizi ya kibunifu zaidi. Huu aina ya utafiti umepata shida sana miaka ya karibuni wenzao wakijaribu kuurudia kwenye mada nyingine, kwa hiyo mi siuegemei. Ila hata ukiukubali wote, haukusema wenye Mac ni wabunifu. Wale washiriki walipewa nembo bila kuchagua. Ulichosema ni kwamba zile hadithi za matangazo zimetuingia mpaka nembo peke yake inaweza kutusukuma tuigize.

Na uaminifu kwa chapa mi siupingi, tena naona wengi wanaowacheka waaminifu hawajaelewa uaminifu wenyewe unakaa wapi. Unakaa mikononi. Mtu aliyetumia Mac miaka kumi kidole gumba chake kinajua kitufe cha Command kiko wapi bila yeye kufikiri, ukimkalisha kwenye Windows anakosea kila sekunde, anajiona mjinga, na hakuna anayependa kujiona mjinga mbele ya kazi yake. Mtu wa ThinkPad anasogeza mshale kwa kile kidude chekundu bila kuinua mikono kwenye herufi. ThinkPad zilianza mwaka 1992 chini ya IBM, Lenovo wakainunua biashara ile mwaka 2005, na mwaka 2012 walipobadilisha kibodi ya zamani ya safu saba wakaleta ya safu sita, wapenzi wake walilalamika kwa miaka, mpaka mwaka 2017 kwenye kuadhimisha miaka 25 kampuni ikatoa toleo maalum lenye kibodi ile ya zamani. Watu wa pembeni waliona ni wazee wagumu wa kubadilika. Lakini anayeandika kutwa nzima, ambaye vitufe vya kufuta na kurudi juu vimehamishwa toka pale mkono ulipovizoea, ana haki ya kulalamika kama seremala aliyebadilishiwa mpini wa randa. Hiyo ni hasara ya ustadi, ya kweli kabisa, na tukiiita ushabiki tunamnyima mtu heshima ya ujuzi wake.

Linux nayo ndo inayoivunja hii nadharia ya utu kuliko zote. Linus Torvalds aliitangaza Agosti 1991 kama mradi wa kujifurahisha, na leo kiini chake kiko ndani ya kila simu ya Android, mabilioni ya watu wanakitumia toka asubuhi mpaka usiku. Hakuna anayewaita hao wote wabishi. Maana yake ile tabia ya "mtu wa Linux" haitoki kwenye Linux, inatoka kwenye ukweli kwamba kwenye kompyuta inabidi uichague na uiweke mwenyewe, na anayejitolea wikiendi yake kufanya hivyo kwa kawaida ana mambo mengi ya kusema kuhusu kompyuta.

Kwa hiyo unapotaka kujua kitu kuhusu mtu kutokana na mashine yake, la kuuliza ni kwamba nani aliichagua, nani aliilipia, na kazi yake ilimlazimisha kutumia programu gani. Watu wengi sana duniani wanatumia kompyuta waliyopewa na mwajiri, au na shule, au iliyobaki baada ya kaka kununua nyingine. Wao hawamo kabisa kwenye huu mchezo wa tabia lakini wanahukumiwa nao.

Hili linaonekana vizuri zaidi hapo hapo IBM, kampuni ambayo mwaka 1984 ilichorwa kama adui wa uhuru. Mwaka 2015 ilianza mpango wa kuwaruhusu wafanyakazi wake wachague Mac, na Novemba 2019 ikatangaza kwamba walio kwenye Mac wana nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 22 ya kuvuka matarajio kwenye tathmini za kazi kuliko walio kwenye Windows, na wanaacha kazi kidogo zaidi. Hizo namba zinarudiwa mpaka leo kwenye mijadala ya maofisi kama ushahidi kwamba watu wa Mac ni wachapakazi. Lakini watu wale hawakugawiwa mashine kwa bahati nasibu, walichagua, na anayechagua huenda yuko idara tofauti, ana cheo tofauti, ana bosi anayemsikiliza, au ana furaha tu kwa sababu kuna mtu alimuuliza anataka kufanyia kazi nini. Namba ya asilimia 22 haiwezi kutenganisha hayo. Meneja anayeichukua na kuitumia kupanga nani apewe kazi, au nani anunuliwe mashine nzuri na nani abaki na ile ya plastiki, anaamua kwa kitu ambacho hakijapimwa na mtu yeyote.